Malengo ya Julia Margaret Cameron

Desemba 1863, Julia Margaret Cameron alizawadiwa kamera na binti yake na mkwewe. Alikuwa na miaka 48, akiishi Freshwater, katika Kisiwa cha Wight, Uingereza. Banda la kuku akaligeuza studio. Stoo ya makaa ikawa chumba cha giza.

Kazi ilikuwa ngumu. Kioo kilipakwa kolodioni, kikachovywa kwenye maji ya nitrati ya fedha, kikapigiwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka. Tarehe 29 Januari 1864 alimpiga picha mtoto Annie Philpot, akaiandika kuwa ndiyo yake ya kwanza kufanikiwa.

Hakubweteka. Mwisho wa mwaka huo alimwandikia mwanasayansi John Herschel, rafiki yake, kwamba lengo lake ni kuipandisha picha hadhi ifikie sanaa. Kisha akachukua kamera kubwa zaidi ili apige nyuso kwa karibu kabisa. Wakosoaji walizilaumu picha zake kwa ukungu. Hakuyumba, na alikuwa sahihi.

Mwaka 1867 alimpiga picha Herschel mwenyewe, nywele nyeupe zimetimka, zimeshika mwanga, macho yamejaa uzee. Picha chache za karne ya 19 zinaifikia hiyo.

Makumbusho ya South Kensington ya London, sasa Victoria and Albert Museum, yalikuwa yameanza kununua kazi zake tangu mwaka 1865.