Kupika na kufua ni mchango? Kesi ya 1983 iliyojibu, na mama aliyeondoka bila nyumba

Kila wanandoa maarufu wakiachana, mtandaoni swali ni lile lile: huyu dada anadai nini wakati hela zote zilikuwa za jamaa? Swali hilo lina umri kuliko Instagram. Mwaka 1983 lilifika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na walioachana hawakuwa mastaa. Mume alikuwa na kipato, mke alikuwa mama wa nyumbani, na nyumba ilinunuliwa kwa hela ya mume.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinairuhusu mahakama kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja, ikiangalia kila mmoja alichangia nini: pesa, mali au kazi. Hilo neno "kazi" ndilo lililozua ubishi. Baadhi ya majaji walisema kupika, kufua na kulea ni wajibu tu wa mke, wala si uchumaji. Wengine wakasema hapana, mwanaume anayekuta chakula tayari na watoto wametunzwa ndiye anayepata nafasi ya kwenda kutafuta. Kwa hiyo mwanamke alipata au alikosa kutegemea kaangukia kwa jaji gani. Bahati nasibu, kwa kweli.

Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikamaliza ubishi: kazi za nyumbani ni mchango.

Wengi wanaosimulia kesi hii huishia hapo, maana kinachofuata hakipendezi. Yule mama mwenyewe hakupata mgao wa nyumba. Kumbe mumewe aliwahi kumpa mtaji wa biashara ya familia, hela ikatumika ovyo na biashara haikusimama. Majaji wakaona fungu lake alishalila. Ukali? Pengine, maana wanaume wangapi wameua mitaji ya familia na ikaitwa hasara tu?

Na wale wa "nusu kwa nusu" nao wanakosea. Sheria inaangalia ukubwa wa mchango wa kila mmoja, na hata madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili. Mahakamani mtu huulizwa: ulitoa nini, lini, ushahidi uko wapi? Anayejua hela ilivyoingia na kutoka humo ndani ana cha kueleza. Ambaye miaka yote alikuwa akiambiwa "we usijali, nashughulikia" hajui hata kiwanja kimeandikwa jina la nani.