Leso Sita na Njia ya Tura

Msafara uliotoka pwani katika karne ya 19 ulijua umeingia Unyamwezi ulipofika Tura. Nyuma uliiacha Ugogo, nchi ya hongo nzito, na pori kame la Mgunda Mkali. Mbele kulikuwa na Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857, na Burton akaandika kwa makini habari za mizigo ya wapagazi. Sehemu kubwa ilikuwa nguo: merikani kutoka viwanda vya Massachusetts, na kaniki iliyotiwa nili. Zilipimwa kwa shuka ya mikono minne na doti ya mikono minane. Nguo hizo ndizo zilizokuwa fedha ya njia. Zililipa hongo, zikanunua nafaka na pembe za ndovu. Na watu pia zikawanunua.

Waliozihesabu nguo hizo wamo vitabuni. Walioshika sindano hawamo.

Katika nusu ya pili ya karne hiyo, wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso, vitambaa vidogo vilivyouzwa vikiwa bado vimeungana katika jora. Jina lenyewe ni la Kireno. Yasimuliwa kwamba badala ya kukata leso mojamoja, walikata sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja pana. Hiyo ndiyo asili ya kanga. Hakikuwa chama chenye daftari wala mwenyekiti. Ulikuwa ufundi uliopita mkono kwa mkono, na jicho la mmoja likimfunza mwenzake.

Wafanyabiashara waliona, wakaagiza nguo nzima yenye pindo na mji, isiyohitaji kuungwa. Mjini Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, lilijipatia sifa kwa biashara hiyo. Maneno yalifuata baadaye, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha za Kirumi. Mshairi wetu aghalabu hujitaja katika kaditamati. Mwuzaji naye alipiga chapa yake ukingoni mwa nguo. Aliyebuni kuunga leso hakuachiwa hata nafasi ya herufi moja.

Na jambo alilolifanya si dogo. Merikani na kaniki zilikuwa pia mavazi ya watumwa. Utumwa ulipoondolewa uhalali wake Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliopata uhuru waliziacha nguo hizo, wakajifunga kanga. Kitambaa ambacho jana kilikuwa bei ya mtu, leo kikawa kauli yake. Mwenye nguo alichagua rangi, na baadaye akachagua neno la kumwambia jirani, mume au mke mwenza bila kufumbua kinywa.

Misafara ya wapagazi ilififia, na reli ikafika Tabora mwaka 1912. Lakini kipimo cha njia ya Tura hakikufa. Hadi leo, pwani na bara, kanga huuzwa kwa doti: vipande viwili vilivyoshikana, vinavyongoja kukatwa na kupindwa. Hapo sindano inahitajika tena. Tukitaka kuwaenzi wale mafundi wasio na majina, tuanze kwa kukumbuka kwamba nguo hii, kabla ya kuwa bidhaa, ilikuwa mshono wa mwanamke.