Siwa ya Mwana Darini: Mji wa Pate katika Habari na katika Udongo

Mji wa Pate unaosimuliwa katika Habari za Pate haujapata kuwako, angalau si kwa sura ile. Habari hizo zamleta Sulaiman Nabahani kutoka Omani mnamo mwaka wa 600 wa Hijra, yaani 1203 au 1204, zamwoza binti wa mtawala Mbatawi, kisha zaufanya mji wake kuwa makao makuu ya pwani nzima. Neville Chittick alipoyapima madai hayo mwaka wa 1969, aliona kwamba tarehe hazishikiki, na kwamba Pate ya zamani hizo haikuwa na ukubwa unaodaiwa. Tangu hapo wanafunzi wengi, nami nikiwa mmoja wao nilipokuwa ng'ambo, walifundishwa kuzitazama Habari hizi kwa jicho la shaka tupu.

Udongo nao haukusema neno la mwisho. Uchimbuzi wa Thomas Wilson na Athman Lali Omar, uliochapishwa mwaka wa 1997, ulionyesha kwamba watu walikaa Pate karne kadhaa kabla ya huyo Sulaiman. Kwa hiyo mji ni mkongwe kuliko alivyodhani Chittick, lakini ukongwe huo hauwathibitishi Wanabahani. Ni makosa kudhani kwamba jembe la mchimbuzi likiwa limeuokoa mji, basi limemwokoa na msimulizi.

Yafaa tukumbuke vilevile namna matini yalivyotufikia. Nakala ya asili yasemekana iliteketea Witu mwaka wa 1890, Waingereza walipoupiga mji huo. Tulicho nacho chatokana kwa sehemu kubwa na kumbukumbu za Muhammad bin Fumo Omar Nabahani, maarufu kwa jina la Bwana Kitini. Stigand aliyatoa kwa Kiingereza mwaka wa 1913, na Werner akafuatia na matini ya Kiswahili. Huyu ni mtu wa ukoo uliokwisha kuanguka, akiusimulia mji mkuu wa wazee wake. Atakosaje kuutukuza?

Hata hivyo, kuna mahali ambapo masimulizi hayamtukuzi mfalme, na hapo ndipo pa kutega sikio. Mwana Darini, mke aliyefiwa na mume katika fitina za utawala, ataka kumtia mwanawe jandoni. Aiomba siwa ya mji, anyimwa. Hatoi machozi wala halalamiki. Amwita Mwenyi Bayayi, sharifu stadi wa kuchonga, amwagiza siwa ya pembe za ndovu, nayo yachongwa kwa siri hadi siku ya vugo, inapotolewa hadharani watu wakashangaa.

Sijali kama mambo yalitukia hivyo hasa. Msimulizi hakuhitaji kuwaeleza wasikilizaji wake kwa nini kunyimwa siwa ni tusi; walijua. Jando au arusi isiyopigiwa siwa ilimshusha mwenye shughuli mbele ya mji mzima, na aliyeishika siwa ndiye aliyeamua nani ni muungwana. Mtawala alitawala kwa sherehe kama alivyotawala kwa askari. Habari hii haipatikani katika vigae vya udongo, wala haitegemei tarehe hata moja. Sisi wa idara za lugha tumewaachia wanahistoria matini haya, nao wakayatupa kwa sababu ya miaka; vugo, jando na ada zake zikatupwa pamoja nayo.

Mji wenyewe ulishindwa na Lamu katika vita vya Shela, kati ya 1812 na 1814. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyalilia majumba yake katika Al-Inkishafi, na baadaye wakulima wakapanda tumbaku kati ya kuta zilizobaki. Siwa ya pembe, yenye kupita kimo cha mtu, ingaliko. Yatunzwa katika Makumbusho ya Lamu, mji wa washindi, kando ya siwa ya shaba ya Waamu.