Bastola Kuukuu na Risasi Mpya

Msomaji, huenda ukadhani ya kuwa chombo bora hukawia kwa sababu ya uhaba wa mafundi tu. Habari za bastola za Marekani zakufundisha vingine. Hapo zamani mwenye bastola ya Colt alishindilia baruti na risasi katika kila tundu la silinda kutoka mbele, kisha akapachika fataki nyuma. Ganda la shaba liliviunganisha vitu hivyo vitatu, lakini lilihitaji silinda iliyotobolewa mpaka nyuma. Haki ya silinda hiyo alipewa Rollin White mwaka 1855, naye akawaachia Smith na Wesson kwa senti 25 kila bastola. Kwa hiyo, katika vita vya 1861 hadi 1865, askari wengi waliendelea kushindilia baruti. Haki hiyo ilikwisha mwaka 1869. Na White alipotaka kuongezewa muda, Rais Grant alikataa. Ndipo kiwanda cha Colt, kwa njia ya Charles Richards ya mwaka 1871, kikazigeuza bastola kuukuu zipokee risasi mpya. Basi fahamu: ufundi ulikuwa tayari siku nyingi, uliongojewa ni mlango wa sheria.