Eyam: Kijiji Kilichojifungia Njia

Ndugu msomaji, ukifika Eyam, kijiji cha Derbyshire nchini Uingereza, utaona katika ua wa kanisa la Mtakatifu Lawrence msalaba wa mawe uliochongwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Karibu nao lipo kaburi la Catherine Mompesson, mke wa kasisi. Kaburi hilo lina somo kwetu.

Mwaka 1665 tauni iliingia kijijini. Yasimuliwa kuwa ililetwa na viroboto ndani ya kitambaa alicholetewa mshona nguo kutoka London. Mwaka uliofuata kasisi William Mompesson, pamoja na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwasihi wanakijiji wasitoke, maradhi yasije yakawafikia majirani. Wakaridhia. Ibada zikahamia bondeni, peupe. Majirani walileta chakula mpakani, na malipo yakaachwa katika matundu ya jiwe yaliyotiwa siki.

Agosti 1666 Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita katika siku nane. Catherine naye alifariki mwezi huo. Husemwa kuwa waliokufa kijijini walifikia 260.

Usidhani walikuwa malaika: Mompesson alikwisha kuwapeleka watoto wake Yorkshire kabla ya kuwasihi wengine wabaki. Hata hivyo, lile jiwe la mpakani lingalipo. Upande mmoja alisimama aliyejizuia, upande wa pili aliyemlisha. Tafakari, msomaji: yakitufika, wewe utasimama upande gani, na utatimiza wajibu wake?