Deana Lawson
Deana Lawson (amezaliwa Rochester, Marekani, 1979) ni mpiga picha anayejulikana kwa picha za kupangwa za watu weusi ndani ya nyumba, wakiwemo wapenzi. Mtazamaji hudhani zimetoka katika albamu ya familia, kumbe wengi wa waliomo hawakufahamiana naye kabla. Alikutana nao barabarani, akawaomba, kisha akachagua chumba, mavazi na mkao. Katika *Binky & Tony Forever* (2009) vijana wawili wamekumbatiana chumbani. Mwaka 2016 picha hiyo ikawa jalada la albamu ya mwanamuziki Blood Orange, *Freetown Sound*. Nguvu ya kazi yake ni heshima: vyombo vya kawaida havifichwi, wala wapenzi hawaonewi huruma. Mwaka 2020 alikuwa mpiga picha wa kwanza kushinda Tuzo ya Hugo Boss ya sanaa ya kisasa.