Daftari la Picha za Regent Park

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Mwaka huu chama chetu kimeuona ukweli wa methali hii kwenye kompyuta.

Makazi ya umma ya Regent Park yalianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 2005 ulianza mradi wa kuujenga upya mtaa, na majengo ya zamani yakabomolewa awamu kwa awamu. Kaka mmoja aliyekulia pale alitupa picha sita alizopiga mwaka 2004 kwenye roshani ya kwao, pamoja na faili fupi la maandishi. Tulitaka kuziunganisha ziwe mandhari moja. Kuzipiga upya haiwezekani, maana roshani yenyewe haipo tena.

Faili lile liliandikiwa PTStitcher, programu ya kuunganisha picha inayoendeshwa kwa amri za maandishi. Ilitungwa na Helmut Dersch, profesa wa Ujerumani, aliyeanza kutoa zana zake za Panorama Tools mwaka 1998. Maktaba ya zana hizo aliitoa na msimbo wake wazi, lakini msimbo wa PTStitcher hakuutoa. Alipoacha kuiendeleza, hakuna mwingine aliyeweza kuirekebisha. Kwetu ilikataa kabisa kufunguka.

Mrithi wake, PTmender, aliandikwa hapahapa Kanada na Daniel German wa Chuo Kikuu cha Victoria, na msimbo wake uko wazi. Uzuri wake ni kwamba unasoma maagizo yaleyale ya zamani. Kila picha ina mstari wake: y inaeleza kamera iligeuzwa nyuzi ngapi kushoto au kulia, p juu au chini, r ililala upande kiasi gani. Katika amri tulibadilisha jina la programu tu. Kisha programu nyingine, enblend, ikaficha mishono.

Toronto iliwahi kuponea hivyo. Mnamo 1856 kampuni ya Armstrong, Beere na Hime ilipiga picha 13 za mji kutoka paa la hoteli ya Rossin House. Nakala zilipelekwa London, zikasahaulika, zikagunduliwa tena mwaka 1979. Mji ule umetoweka, lakini picha zimebaki.

Kaka yetu hakutuachia programu. Alituachia picha zenyewe na daftari lake. Nasi tuwaombe wazee wetu picha zao sasa, na kila moja tuiandikie mstari wake.